Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kulipia SEO (kazi ya kuipandisha tovuti kwenye Google), DA (alama ya nguvu ya tovuti) imetoka 4 hadi 31, lakini maulizo ya wageni yamekauka. Hizi zana zinapima nini?

#1 Mzawa wa Rau (Jumatatu, saa 2:10 asubuhi)

Habari wakuu. Niende moja kwa moja kwenye hoja.

Nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, ipo Moshi. Tovuti yetu ni ya tangu 2017, ya Kiingereza, kurasa kama 60: njia za kupandia (Marangu, Machame, Lemosho), bei, vifaa, maswali ya wageni. Miaka yote hiyo ilikuwa inatuletea maulizo 20 hadi 25 kwa mwezi kupitia fomu. Siyo mengi, ila kwa kampuni yenye waongoza wageni watatu yanatosha watu kula.

Februari nikapata mtoa huduma wa SEO. Tukakubaliana shilingi 400,000 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi naletewa ripoti ya PDF: grafu za kijani, DA imetoka 4 hadi 31, linki zimefika 1,900, "afya ya tovuti" asilimia 94. Nikisoma ripoti naona tunapanda. Nikifungua baruapepe naona tunashuka. Agosti maulizo 6. Septemba 5. Waongoza wageni wangu wawili wamekaa nyumbani wiki mbili, na msimu wenyewe ndio huu.

Naomba kueleweshwa. Zana hizi zinapima nini, ikiwa namba zinapanda na wageni hawaji? Niendelee au nisitishe?

#2 Kipanga255 (saa 2:16)

Umepigwa, mkuu. Pole sana. Sitisha leo leo.

#3 FundiSeva (saa 2:41)

Taratibu, Kipanga. Tumsikilize kwanza.

Mleta uzi, DA ni kipimo cha kampuni ya Moz. Ahrefs wana cha kwao kinaitwa DR, Semrush wana Authority Score. Kila kampuni ina roboti wake anayetembea mtandaoni, anahesabu linki zinazoelekea kwako, kisha inakupa alama kati ya 0 na 100 kwa hesabu yake yenyewe. Google haitumii hata moja ya alama hizo kupanga matokeo, na Moz wenyewe hawajawahi kusema inazitumia. Isitoshe, ngazi za alama hizo hazilingani urefu. Kutoka 4 hadi 31 ni rahisi ukinunua linki za bei chee. Kutoka 60 hadi 65 ndiyo kazi.

Swali langu kwako ni moja: Google Search Console ya tovuti yako (ile zana ya bure ya Google inayoonyesha watu wanavyoitafuta na kuibofya) iko mikononi mwa nani?

#4 Mzee wa Modemu (saa 3:05)

Naongezea kwa #3. Google iliwahi kutoa alama yake hadharani, PageRank, kwenye ule upau wa Google Toolbar uliokuwa juu ya kivinjari, 0 hadi 10. Waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, waliibuni wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, wazo likiwa kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi nzito nao ni mzito. Watu wakaanza kuuziana linki kwa kutazama ile namba. Google ikaacha kuionyesha kwa umma mwaka 2016, ingawa ndani yao wanaendelea kupima linki. Alama za kampuni nyingine zikashika nafasi hiyo, na biashara ya linki ikahamia huko huko.

#5 Mzawa wa Rau (saa 3:20)

Asante FundiSeva. Search Console anayo yeye. Mimi huletewa PDF tu. Sijawahi kuiona kwa macho.

#6 Binti Mkunazini (saa 3:58)

Kaka yangu, hapo ndipo nilipokwama mimi miaka miwili. Nina nyumba ya wageni Mji Mkongwe, vyumba saba. Kijana aliyetutengenezea tovuti aliiandikisha domeini (jina la tovuti) kwa jina lake, Search Console kwa baruapepe yake, mpaka ule wasifu wa kwenye ramani za Google ulikuwa wake. Siku tuliyoachana nikawa mgeni nyumbani kwangu. Mgeni anaandika maoni kwenye ramani, mimi siwezi hata kumjibu.

Usigombane naye kwanza. Nenda kwa aliyekusajilia domeini, omba kuingia sehemu ya DNS, yaani mipangilio ya domeini. Fungua Search Console kwa baruapepe yako, chagua uthibitisho wa domeini nzima, utapewa mstari unaoanza na google-site-verification. Unaubandika kule kwenye DNS kama rekodi ya TXT, unasubiri, unabonyeza thibitisha. Huhitaji ruhusa ya fundi wala yeye haondolewi. Bei yake ni bure.

#7 Kipanga255 (saa 4:02)

Dada kamaliza. Fanya hivyo, kisha #2 inabaki palepale.

#8 Wakala wa Kurasa (saa 4:30)

Mimi natoa huduma hii, nipo Dar, kwa hiyo mnisikilize hata kama hamtapenda. Miezi minane siyo mingi kwa SEO. Google wenyewe wamewahi kusema kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kuonyesha matunda. Mteja analipa mwezi wa kwanza, wa pili anauliza yuko wapi mgeni. Laki nne, ukitoa malipo ya zana (Ahrefs na Semrush zote zinalipiwa kwa dola), ukamlipa mwandishi, hubaki na kitu.

Ila sitetei ripoti ya DA. Mimi ripoti yangu ina mambo matatu: nilibadilisha nini, ukurasa gani, na kwenye Search Console mibofyo imekuwaje. Mtoa huduma anayeficha Search Console hata mimi simwelewi. Na anayekuahidi namba moja mkimbie, maana Google imeandika wazi kwamba hakuna awezaye kuihakikisha.

#9 Mswahili wa Likoni (saa 5:12)

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu, mbona hakuna aliyetaja majibu ya akili mnemba? Tangu Mei 2024 Google ilianza kuweka AI Overviews juu ya matokeo kule Marekani, kisha ikasambaa kwingine. Wageni wako wengi si Wamarekani? Mtu akiuliza siku ngapi zatosha kupanda Kilimanjaro, ajibiwa palepale juu, aridhika, haji kwako tena. Mimi nina tovuti ya uzamiaji Diani. Kuonekana kwangu kumepanda, mibofyo imeshuka. Ukurasa wangu wa "msimu mzuri wa kuona papa nyangumi" ulikuwa ndio mlango wa duka, sasa husomwa na mashine ikaeleza wengine.

Fundi wako huenda hana kosa kubwa.

#10 FundiSeva (saa 5:25)

Mswahili, hilo linaweza kula kurasa za maswali. Lakini anayetafuta bei ya siku saba Machame anataka kampuni ya kumpandisha, jibu fupi halimtoshi. Mgeni wa namna hiyo bado anabofya.

#11 Mswahili wa Likoni (saa 5:31)

Abofya, lakini abofya nini? Juu kuna matangazo, chini kuna tovuti kubwa za kulinganisha kampuni, SafariBookings na TripAdvisor. Kampuni ndogo ya Moshi iko wapi hapo?

#12 Baba Neema (saa 7:15 mchana)

Wakuu, mnasahau kalenda. Anayepanda Agosti haulizi Agosti. Anauliza Januari, Februari, Machi, halafu ananunua tiketi ya ndege. Mleta uzi atuambie Agosti ya mwaka jana alipata maulizo mangapi. Kulinganisha Agosti na Februari ni kulinganisha mahindi mabichi na ghala. Kwenye Search Console kuna sehemu ya kulinganisha kipindi hiki na kipindi hichohicho mwaka uliopita, na inatunza takwimu za miezi 16. Atumie hiyo.

#13 Mzawa wa Rau (saa 7:40)

Baba Neema, Agosti ya mwaka jana 19. Nimehesabu kwenye baruapepe sasa hivi.

#14 Baba Neema (saa 7:44)

Basi siyo kalenda. Naondoa hoja, ila wengine wanaosoma waishike.

#15 Tundu la Sindano (saa 9:03)

Mimi nasema ni zile linki 1,900. Somo lipo tangu zamani. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua jinsi duka kubwa la JC Penney la Marekani lilivyokuwa likitokea juu kabisa kwa maneno kibao kwa nguvu ya linki za kununua zilizotapakaa kwenye tovuti zisizohusiana. Google ikaliadhibu, likaporomoka ndani ya siku chache. Aprili 2012 ukaja mfumo wa Google uitwao Penguin kusaka linki za namna hiyo kwa mashine. Mkuu, umelipia sumu kwa awamu nane.

#16 Mzee wa Modemu (saa 9:20)

Hapo kwenye Penguin tuweke sawa. Tangu Septemba 2016 imeingizwa kwenye mfumo mkuu, na kwa kawaida inazipuuza linki chafu badala ya kuishusha tovuti nzima. Adhabu ya mkono, inayotolewa na mtu wa Google na siyo mashine, bado ipo, ila ukiadhibiwa hivyo unaandikiwa waziwazi ndani ya Search Console, kwenye ukurasa wa hatua za mkono. Pakiwa pameandikwa hakuna tatizo, linki 1,900 huenda ni hela iliyopotea tu, siyo sumu.

#17 Tundu la Sindano (saa 9:26)

Asante kwa sahihisho, mzee. Lakini hata akipuuziwa linki, si atashuka? Kama zilikuwa zinambeba, siku zinapoacha kuhesabiwa anarudi chini.

#18 Wakala wa Kurasa (saa 9:31)

Hazikuwahi kumbeba. Alikuwa na DA 4 na maulizo 20. Alibebwa na kurasa zake.

#19 Tundu la Sindano (saa 9:33)

Hapo nakaa chini nifikiri.

#20 Kuku na Mayai (saa 11:48 jioni)

Nachomekea kisa changu, kinahusu swali la zana zinapima nini. Nipo Morogoro, naandika tovuti ya ufugaji wa kuku kwa Kiswahili. Nilipoanza nililipia zana moja ya maneno ya utafutaji. Nikaandika "dawa ya mdondo wa kuku". Ikaniambia wanaotafuta kwa mwezi: 0. Nikaandika "kideri". 0. Karibu niache.

Nikaandika ukurasa hivyo hivyo, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amepoteza kuku wote wa banda moja kwa ugonjwa huo na jirani zake walikuwa wanauliza. Leo ndio ukurasa unaoniletea watu wengi kuliko zote. Search Console inanionyesha walivyoandika: "kuku anapinda shingo", "kuku wanaharisha kijani na kufa", "chanjo ya kideri tone la jicho". Hakuna zana iliyonipa hata sentensi moja kati ya hizo.

Zana hizi zimeshiba Kiingereza. Kwa Kiswahili sifuri yake maana yake ni kwamba hazijui. Mimi sasa naandika maneno mawili kwenye Google, naangalia inavyonimalizia sentensi, halafu naenda gulioni kusikiliza.

#21 Binti Mkunazini (saa 12:05 jioni)

Mashaallah. Hiyo "kuku anapinda shingo" imenikaa. Kwetu wageni huandika "nyumba yenye feni na neti", hakuna anayeandika "malazi ya kifahari" kama fundi alivyotujazia.

#22 Kipanga255 (saa 12:11)

Kuku na Mayai, chanjo yenyewe inatolewa kila baada ya muda gani? Nina jogoo wanne hapa.

#23 Kuku na Mayai (saa 12:20)

Ile ya tone la jicho, kila miezi mitatu, na umchanje akiwa mzima, akishaugua haisaidii. Njoo kwenye uzi wa ufugaji mkuu, tusimharibie mwenzetu.

#24 Mzawa wa Rau (Jumatano, saa 1:30 asubuhi)

Nimerudi. Nimefanya kama alivyonielekeza Binti Mkunazini na imekubali. Dada, Mungu akubariki.

Nimekaa mbele ya hii Search Console tangu jana usiku. Hatua za mkono: hakuna tatizo. Mzee wa Modemu hapo sawa. Lakini kuna kitu sikielewi. Tovuti yangu ina kurasa 62, nimezihesabu kwa mkono. Hapa kwenye sehemu ya kurasa zilizoingizwa kwenye orodha ya Google inasema 4,318. Kwenye orodha ya maneno watu waliyoandika kuna herufi za Kijapani au Kichina, mistari kwa mistari. Mimi sijawahi kuwa na mgeni wa Japani.

Nikaenda Google nikaandika site: na jina la tovuti yangu. Ukurasa wa kwanza ni wetu. Wa pili na wa tatu ni mikoba na viatu, maandishi ya Kijapani, na chini yake anwani ya tovuti yangu. Nikibofya naambiwa ukurasa haupo.

Jina la marehemu baba ndilo jina la kampuni. Nimeliona limekaa juu ya tangazo la mikoba. Sijalala.

#25 FundiSeva (saa 1:52)

Umevamiwa, kaka. Huu uvamizi unajulikana, Google wana mwongozo wake kabisa, wanauita wa maneno ya Kijapani. Mvamizi anaingia kupitia plagini (programu ndogo ya nyongeza) iliyozeeka au nywila nyepesi, anazalisha maelfu ya kurasa ndani ya folda zenye majina ya ovyo, anauza bidhaa bandia kwa kutumia sifa ya domeini yako. Wewe ukifungua unaambiwa haupo, roboti wa Google akifungua anapewa ukurasa kamili. Usidanganyike na lile tangazo la "haupo". Chukua anwani moja, iweke kwenye kikaguzi cha anwani ndani ya Search Console, utaona anachokiona Google.

Leo fanya haya kabla ya mengine: kwenye mipangilio ya Search Console angalia watumiaji, maana wavamizi hawa hupenda kujiongeza kama wamiliki. Angalia orodha ya watumiaji wa WordPress, ule mfumo unaoendesha tovuti yako. Angalia faili la .htaccess, lenye maelekezo ya seva. Chukua nakala ya kila kitu kabla ya kufuta.

Na idadi ya site: usiiamini kama hesabu, ni makadirio. Ya Search Console ndiyo uishike.

#26 Kipanga255 (saa 2:00)

Nilisema umepigwa, sikujua kumbe mara mbili. Pole kwa dhati, mkuu. Ukitaka mtu wa kupitia faili na wewe usiku wa leo, nipo.

#27 Tundu la Sindano (saa 2:14)

Basi jibu limepatikana. Uvamizi ndio ulioshusha.

#28 Mzee wa Modemu (saa 2:37)

Si lazima. Mleta uzi, kurasa za Kijapani zimeanza kuonekana mwezi gani? Na mibofyo ya njia za mlima imeanza kushuka mwezi gani? Kama kushuka kumetangulia, uvamizi ni ugonjwa wa pili.

#29 Mzawa wa Rau (saa 3:18)

Mzee, nimetazama. Maneno ya Kijapani yanaanza wiki ya pili ya Julai. Mibofyo ya kweli inaanza kushuka mwishoni mwa Machi, na kufikia Mei imebaki theluthi. Aprili fundi alinipongeza kwa DA 15.

#30 Wakala wa Kurasa (saa 3:30)

Machi alifanya nini? Aliitengeneza upya tovuti?

#31 Mzawa wa Rau (saa 3:41)

Ndiyo. Alibadilisha muonekano, akasema wa zamani umechakaa. Tulipiga picha mpya kileleni kwa ajili hiyo.

#32 Wakala wa Kurasa (saa 4:10)

Hapo mimi naweka dau langu. Mafundi wengi wakibadilisha muonekano wanabadilisha na anwani za kurasa. Ukurasa wako wa Machame ulikuwa na anwani moja tangu 2017, wanablogu wameutaja, wageni wameuhifadhi. Anwani ikibadilika bila kuwekewa maelekezo ya 301 kutoka ya zamani kwenda mpya, Google inakuta mlango umezibwa. Ukurasa mpya unaanza upya kama mtoto.

Pima hivi. Nenda web.archive.org, weka tovuti yako, fungua nakala ya mwaka jana, bofya ukurasa wa Machame, nakili anwani yake. Ibandike kwenye kivinjari leo. Kisha tumia Screaming Frog, programu inayokagua anwani za tovuti moja moja; ya bure inatembea hadi anwani 500, kwa kurasa 62 inakutosha na kubaki. Ahrefs nao wana toleo la bure kwa mwenye tovuti aliyethibitisha umiliki, litakuonyesha linki za kweli zinazoelekea kwenye anwani zilizokufa.

#33 Mswahili wa Likoni (saa 4:22)

Na mimi nasimama na hoja yangu. Machi hadi Mei mbona hata mimi nilishuka, na sikubadilisha chochote wala sina Mjapani.

#34 Mama Lishe Mtandao (saa 5:40)

Naomba niulize kuhusu hizo picha mpya. Mzawa, zina uzito gani? Nimefungua ukurasa wako wa mbele kwa simu yangu, mtandao wa kawaida tu, nimehesabu mpaka kumi na tatu ndipo kileleni pakatokea. Nimepitisha PageSpeed Insights: picha moja ina megabaiti 6.8. Kipimo cha Google ni kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukibonyeza ujibiwe ndani ya milisekunde 200, na vitu visiruke-ruke. Ripoti yako ya afya asilimia 94 ilipima kompyuta au simu?

#35 FundiSeva (saa 5:52)

Mama, kasi ni kigezo kidogo kwenye kupangwa. Ukurasa mzito wenye jibu sahihi hushinda mwepesi usio na kitu.

#36 Mama Lishe Mtandao (saa 5:59)

Sikatai. Ila mimi sizungumzii kupangwa, nazungumzia mgeni aliyekwisha kubofya. Mimi nauza chakula kwa oda, nilipopunguza picha ya pilau kutoka megabaiti 4 hadi kilobaiti 180, simu ziliongezeka wiki ileile na nafasi yangu Google haikusogea hata kidogo. Anayesubiri sekunde kumi na tatu anarudi nyuma, anabofya kampuni nyingine. Hilo halionekani kwenye ripoti ya mtu.

#37 Baba Neema (saa 6:20 mchana)

Umenena. Na fomu je? Kuna aliyejaribu fomu yake? Tovuti ikitengenezwa upya, fomu hutuma kwenye baruapepe ya fundi au huishia kwenye taka. Maulizo kupungua siyo lazima wageni kupungua.

#38 Kipanga255 (saa 6:33)

Nimeijaza sasa hivi. Jina nimeandika Kipanga, watu wawili, Lemosho siku nane. Mleta uzi, imefika?

#39 Mzawa wa Rau (saa 6:50)

Haijafika. Nimeangalia na kwenye taka.

#40 Kipanga255 (saa 6:52)

Nimejaza tena kwa baruapepe nyingine.

#41 Mzawa wa Rau (saa 7:04)

Hiyo ya pili imefika.

#42 Baba Neema (saa 7:10)

Hapo ndipo pa kukaa. Moja inafika, moja haifiki. Watu wa baruapepe za kampuni fulani wanakataliwa na seva bila wewe kujua.

#43 Nyota ya Alfajiri (saa 10:15)

Nasoma tangu Jumatatu. Mimi fundi wangu aliniwekea maneno 200 kwenye ile sehemu iliyofichwa ya maneno muhimu, akanitoza kwa kila neno. Ni kweli yanasaidia?

#44 Mzee wa Modemu (saa 10:22)

Hapana, mwanangu. Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiyatumii kabisa kupanga matokeo. Mwulize kwa upole akurudishie.

#45 Binti Mkunazini (saa 11:30 jioni)

Kaka Mzawa, mimi naomba usimfukuze fundi kwa hasira ukasahau funguo. Kabla ya maneno yoyote: domeini iwe kwa jina lako, hostingi kwa jina lako, wasifu wa ramani wewe uwe mmiliki mkuu, nakala ya tovuti iwe kwenye diski mkononi. Mimi nilianza na maneno, ikanichukua miezi minne kuupata wasifu wa ramani.

#46 Mzawa wa Rau (Alhamisi, saa 3:05 usiku)

Wakuu, mrejesho mfupi. Kipanga alikaa nami kwenye simu mpaka saa nane usiku wa kuamkia leo, shukrani zangu hazitoshi.

Tumepata folda tatu zisizo zetu na mmiliki mmoja wa Search Console tusiyemjua. Tumemwondoa, tumebadilisha nywila zote. Plagini ya picha ilikuwa haijasasishwa tangu mwezi huo huo wa Machi. Domeini kumbe ni kwa jina langu, nilisahau tu.

Anwani ya zamani ya Machame kutoka kwenye nakala ya mwaka jana: inaleta ukurasa usiopo. Ya Lemosho pia. Ya Marangu inafunguka vizuri, haikubadilishwa. Sasa ajabu ni hii: Marangu nayo imeshuka, karibu sawa na wenzake, na imeanza kushuka wiki ileile ya Machi.

Fundi nimemwandikia kuomba orodha ya alichokibadilisha Machi. Amejibu kwamba ataituma na ripoti ya mwisho wa mwezi.

#47 Mswahili wa Likoni (saa 3:19 usiku)

Marangu haikuguswa, ikashuka pamoja na wenzake. Si nilisema?

#48 Wakala wa Kurasa (saa 3:27)

Labda ilikuwa inapokea nguvu kutoka kwenye linki za ndani za Machame na Lemosho. Zikifa hizo, na yenyewe inayumba. Weka 301 kwanza, subiri wiki sita, ndipo tubishane.

#49 Mama Lishe Mtandao (saa 3:33)

Na ukurasa wa Marangu nao una ile picha ya megabaiti 6.8. Nimeangalia.

#50 Mzee wa Modemu (saa 3:50)

Mzawa, kabla hujaweka chochote, muombe mwenye hostingi akupe logi za seva za Machi na Aprili kama bado anazo. Humo tutaona roboti wa Google aligonga wapi na alijibiwa nini, siku kwa siku. Zikipatikana zipakie hapa, ukifuta anwani za wageni. Mimi nitazisoma.

#51 Mzawa wa Rau (saa 3:58)

Namuandikia sasa hivi, mzee.